Seli Zilizobaki Kifuani

Juzi hospitalini hapa Morogoro nilikaa benchi moja na mama mkulima wa karoti kutoka milimani Uluguru. Alikatwa titi mwaka jana, na sasa uvimbe umerudi kwenye kovu. Daktari akamweleza pale pale, taratibu.

"Mama, titi lina seli mama zinazolijenga kila ukibeba mimba. Zikiharibika huweza kuzaa saratani. Huenda chache zilibaki."

"Ndizo zilizonipa maziwa ya wanangu?"

"Hizo hizo, mama."

Akajifunika kifua kwa kanga. "Basi hizo zimekataa kuniacha. Wanangu wote wako Dar."

Siku hizi simu zinauzwa kila kona, lakini daktari alipomuuliza ndugu wa kupigiwa, mama hakumtaja hata mmoja wa wanawe; alinigeukia mimi.

"Mwanangu, kubali tu kwamba ndugu ni wewe."

Nikakubali.