Chui Mmoja Anatafutwa Kando ya Mweru

Nilipanda ile kanta, lori dogo la kukodi, kwa sababu safari ya darasa ilikuwa ya lazima, na kwa sababu Ba Kunda, mwalimu wetu, alikuwa amebakiza barua moja tu kabla ya kunifukuza shule. Wiki ile nilikuwa nimemwekea chisense mfukoni mwa koti. Ni tusamaki tudogo sana, lakini harufu yake si ndogo.

"Ilunga," aliniambia mbele ya wote, "leo tunaenda kujua makabila na koo za kando ya ziwa. Mzaha mmoja tu mbele ya watu, barua inafika kwa baba yako jioni hii."

Baba alituvusha kutoka Kongo kuja Zambia, na sasa analima mihogo kwenye kambi ya wakimbizi ili mimi nisome. Barua ile ingemvunja mgongo. Nikaapa kufunga mdomo.

Saa mbili asubuhi, Nchelenge. Tulizunguka soko la samaki na karatasi zenye sehemu mbili za kujaza: wenyeji, wageni. Akina mama walikuwa wakigombana kwa Kibemba, kisha wanageukia wachuuzi wa Kongo na kutaja bei kwa Kiswahili. Chola, ninayekaa naye dawati moja, akaniandika mimi kwenye wageni.

"Sasa uongo iko wapi?" akauliza.

Nikacheka. Mimi hucheka ninapochomwa, na nikiogopa ndiyo zaidi. Ni ugonjwa.

Saa nne tulikuwa njia ya Chienge, vumbi mpaka kwenye meno, ziwa likitokea na kupotea mkono wa kushoto. Sikulitazama. Tulipotoka Kongo tulilivuka kwa mtumbwi uliokuwa ukiingiza maji, mama akiyachota kwa sufuria, na mpaka leo nikiona maji mengi nageuza uso.

Saa sita tukafika kijiji kimoja cha wavuvi. Tulikuwa tumeahidiwa ngoma. Tukakuta nyavu zimetundikwa, hakuna anayezishona, na watu wamekaa chini. Kilikuwa kilio. Mvuvi mzee alikuwa amefariki. Ba Kunda alitaka tugeuze gari, lakini mutu hapiti kilio bila kukaa. Tukakaa.

Dada wa marehemu, mama mzee mwenye kitenge kiunoni, alikuwa akilia: "Sisi Bena Mbushi, sisi batu ba mbuzi, tunakwisha!"

Kicheko kikaanza kupanda. Nikajua kitakachotokea kama mutu anavyojua anataka kutapika. Mdomo ukafunguka wenyewe:

"Mbuzi zikikwisha, sisi chui tutakula nini?"

Nyanya yangu humwambia hivyo jirani yetu wa ukoo wa mbuzi kila wakikutana kisimani. Nilidhani ni utani wa wazee wawili.

Kilio kikakatika. Ba Kunda akatoa kalamu. Mwanaume mmoja mrefu akasimama, jembe mkononi, udongo bado umeshika. Alikuwa mpwa wa marehemu.

"Nani alisema ile?"

Chola akasogea mbali nami, rafiki gani huyu.

"Ni mimi, tata," nikajibu kwa heshima.

"Weye uko ukoo gani?"

"Bena Ngo. Chui. Upande wa mama."

"Na mama ya mama yako?"

"Ngo vilevile."

Akageuka, akamwita yule mama mzee kwa nguvu: "Mayo! Amepatikana!"

Ndipo nikaelezwa. Mbuzi na chui ni banungwe, watani. Chui anaruhusiwa kumtukana mbuzi hata kwenye msiba, ila mbuzi akifa, chui ndiye anamzika. Katika kijiji hiki hakuna mbuzi anayelazwa ndani ya kaburi kabla ya chui kulifagia. Chui wao pekee alikuwa amepeleka samaki mjini Mansa, gari limekufa njiani. Kaburi lilikuwa tayari tangu alfajiri. Marehemu alikuwa anangoja.

"Huyu ni mutoto wa shule," Ba Kunda akajaribu. "Tena ni mgeni."

"Mugeni wa nani?" yule mama akamkata. "Chui iko chui."

Wakanipa ufagio wa majani. Nikashuka. Kuta zilinipita kichwa, chini kulikuwa na unyevu, na unyevu ule ulinuka ziwa. Juu kulibaki kipande cha anga, kidogo kama mlango. Nikafagia nyayo za wachimbaji kwa nguvu hadi majani yakapukutika. Nikarudia kufagia kona zilezile.

Sauti ya yule mama mzee ikatoka juu: "Eh, chui! Umenyamaza? Unaogopa mbuzi mufu?"

Nikainua uso. "Hapana, Mayo. Naangalia kama atatosha. Mbuzi hii ilikula sana."

Akacheka. Alicheka mpaka kicheko kikageuka kilio, na kilio cha wote kikaanza upya. Wakanivuta juu, nguo zote udongo.

Saa tisa, kabla ya kanta kuondoka, yule mama alikuja dirishani na simu yake ndogo. "Andika namba yako humu. Siku yangu ya kufa ukuje. Usiniambie habari ya shule."

Mutu akiniomba namba, humpa ya uongo. Yeye nilimpa ya kweli.

Barua Ba Kunda aliiandika. Ilisema: mutoto wenu amefagia vizuri. Baba aliisoma mara tatu akitafuta kosa.

Mimi sasa najua kwamba mzaha una kazi yake, na kazi ile ina kina kirefu kunipita kichwa. Simu ikilia kwa namba nisiyoijua, naogopa kuwa siku ya Mayo imefika. Lakini napokea.