Aliyeileta Aonje Kwanza

Jumatano, tarehe 9 Julai 2008. Ukungu ulikuwa umeshuka hadi kwenye mabati ya Ngarenaro, Mlima Meru hauonekani, na manyunyu yalikuwa yale yasiyolowesha nguo ila yanaingia mifupani. Pudensiana alifungua steshenari yake amejitanda shuka juu ya sweta, akawasha kompyuta, akaitazama kama mtu anavyomtazama mbwa aliyekwisha kumuuma.

Jana yake Sista, mkuu wa shule ya wasichana, alikuwa amempigia simu. Flashi iliyotoka kwa Pudensiana ilikuwa imeambukiza virusi kompyuta ya shule kwa mara ya pili. "Mama Princess, ikitokea tena, mitihani ya moko, hii ya majaribio, naipeleka kwingine."

Kadi za harusi na ratiba za mazishi zilimpa Pudensiana mboga. Mitihani ndiyo iliyompa jina. Hakuna swali lililowahi kuvuja kwake. Alichapa akiwa ameegemea ukuta, karatasi zilizoharibika alizichoma jikoni kwake, na hata binti yake Princess aliingia dukani kwa kubisha hodi.

Asubuhi hiyo akaja mwalimu Elinami, Mmeru wa Sekei anayefundisha Jiografia kwa Sista.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwalimu. Umetumwa?"

"Nimejituma." Akatoa bahasha ya karatasi ngumu, ndani yake sidii. "Hii ni Linux. Inashika nafasi ya Windows. Virusi vinavyokusumbua haviwezi kufanya kazi humo. Nimeletewa kwa posta kutoka ng'ambo, bure."

"Bure?"

"Bure kabisa."

"Na stempu kalipa nani?"

Elinami akacheka. Pudensiana hakucheka. Tangu soko huria liingie mjini alikuwa ameona vya bure vya kila namna, na kila kimoja kilikuwa na mkono nyuma yake.

"Mama, waliotengeneza wameacha kila kitu wazi. Anayetaka kujua inavyofanya kazi anasoma mwenyewe."

"Wewe umesoma?"

"Mimi siwezi, ni lugha ya wataalamu."

"Basi tuko wawili tusiojua kilichomo."

Kwao Kibosho, anayekuletea kata ya mbege, pombe ya ndizi, hupiga yeye funda la kwanza mbele ya macho yako. Si adabu tu. Anakuambia: kama kuna kitu humu, tutakufa wote. Pudensiana akavuta kiti. "Onja wewe kwanza."

Mwalimu akaelewa. Akatia sidii, akaiwasha mashine kwa hiyo sidii peke yake bila kugusa vilivyokuwemo, kisha akachomeka flashi yake. "Humu mna moko yangu ya Jiografia. Ikivuja, Sista ataanza na mimi."

Kwenye kioo, pembeni ya mtihani, yakatokea mafaili mawili yenye majina ya ajabu.

"Hayo ya nani?"

"Ndiyo virusi vyenyewe. Kwenye Windows yako vinajificha, hapa vinaonekana." Akavifuta.

Badala ya kutulia, Pudensiana akazidi kukunja uso. "Kinachoona vilivyofichwa, kitashindwaje kuona vyangu?"

Kabla mwalimu hajajibu, mlango ukajaa Manase, fundi wake wa siku zote, flashi inaning'inia shingoni kwa kamba kama medali.

"Mama Princess! Nasikia kuna wokovu wa bure hapa. Mwalimu, chaki imekushinda?"

"Chaki ipo, fundi. Naogopa vumbi tu."

"Sasa hiyo bure yako ikikorofisha, shemeji yangu atampigia nani? Mzungu wa posta?" Akatoa sidii iliyoandikwa kwa kalamu ya wino mzito. "Shemeji, hii ni Windows mpya. Naiweka sasa hivi, kwa bei yetu ile ile."

Neno lile la mzungu wa posta lilimchoma Pudensiana, maana lilikuwa kweli. Manase alikuwa anapatikana. Alimjua, alimjua na mkewe.

"Si uliisafisha mashine hii wiki iliyopita?"

"Ikang'aa!"

Pudensiana akatoa sidii ya mwalimu, akaiwasha kompyuta upya kwa Windows yake ya zamani. "Basi chomeka hapo flashi yako."

Mkono wa Manase ukaenda shingoni, ukaifunika ile flashi. "Hii? Hapana, shemeji. Hii ina kazi za watu."

"Na mashine hii ina kazi za nani?"

Nje mchoma mahindi alikuwa anapepea jiko. Manase akatabasamu, tabasamu likakosa pa kukaa, mara akakumbuka kuna mtu anamngoja Daraja Mbili.

Pudensiana hakumshukuru mwalimu. Alimwambia tu, "Weka." Kazi zake zikanakiliwa kwanza kwenye sidii, naye akazitia kwenye pochi. Kisha akasimama nyuma ya Elinami mpaka mwisho, hakwenda kula, na kila swali lililotokea kwenye kioo alitaka asomewe kabla halijajibiwa.

"Mtihani wako ukivuja wiki hii, mwalimu, nitajua."

"Mama, mimi nitajua kabla yako."

Kesho yake, Alhamisi, ukungu ulikuwa bado. Pudensiana alifika kabla ya majirani, akachomoa waya wa intaneti ukutani, akauviringa na kuutia kwenye pochi pamoja na rozari. Akawasha kompyuta. Hakugusa mtihani. Alichapa Salamu Maria yote, akaitoa kwenye printa, akavaa miwani na kuisoma herufi kwa herufi kuona kama kuna kilichoongezwa au kilichopungua.

Hakukuwa na kitu. Akaisoma tena.

Ndipo akageuza kioo cha kompyuta kielekee ukutani, akaketi mgongo ukigusa tofali, akafungua bahasha ya mitihani ya Sista na kuanza kuchapa swali la kwanza.