Ngozi ya Kuchujia Petroli

Harufu ya petroli hunirudisha Mbwajumali, kijijini kwetu kisiwani, kabla sijajua nimeondoka. Wenzangu hukunja pua tukipita kituo cha mafuta. Mimi huvuta pumzi ndefu. Nimemaliza chuo kikuu juzi tu, na mnaonijua mnajua nilivyo: jambo moja nitaligeuza na kuligeuza hata linichoshe. Hili nimeligeuza tangu nina miaka minane.

Wakati wa vita vya mashifta, wale waasi wa kaskazini, kiwanja cha ndege kilifyekwa nje ya kijiji chetu, karibu na nyumba yetu. Ndege ya jeshi ilishuka pale kujaza mafuta, kisha ikaelekea bara. Watu walisema ina mabomu tumboni. Aliyeijaza ni baba yangu. Aliviringisha mapipa hadi kivulini, akapampu kwa mkono, na kila tone akalipitisha kwenye faneli iliyotandikwa ngozi laini. Ngozi ile ilipitisha petroli ikazuia maji, kwani maji kidogo tu yakiingia kwenye injini, ndege huzimika angani. Alikuwa nayo moja tu. Jioni aliitundika juu ya mlango wetu, isiibwe, na nyumba nzima ikanuka.

Siku mbili kabla ya Idi, Mama alitoa mikeka yote nje na kusugua sakafu. Nami nikataka sifa. Nikaishusha ngozi, nikaifua kwa sabuni ya mche, nikaisuuza mara tatu kama nguo ya kuswalia, nikaianika uani.

Asubuhi Baba akaichukua kambani mbichi, bila kuichunguza, kwa kuwa ndege ilikuwa imeshatua. Petroli ilijaa kwenye faneli ikasimama, haishuki, kwani ngozi ile ikilowa maji huizuia petroli. Akainusa ngozi. Akageuka kunitazama, nimeganda kwenye kamba ya nguo. 

Msimamizi wa kiwanja, bwana mmoja ambaye kaptula zake zilipigwa pasi hata kwenye vumbi lile, akaja akitazama saa.

"Wewe mzee, ndege ya serikali itakungoja wewe?"

"Ngozi imelowa maji, Bwana. Nipe ile ya pili."

"Ya pili haijaletwa, nimekwambia. Tumia kitambaa."

Akaivuta kanga ya Mama kwenye kamba, mbele yangu, akamtupia Baba kifuani. Kanga ya mke wa mtu. Baba akaikunja polepole, akanipa niishike.

"Kwa kanga hapana ndia, Bwana, haiwezekani. Simrushi mtu angani kwa kanga."

Rubani alikuwa akinywa chai chini ya bawa. Alimtazama Baba, si msimamizi. "Fanya unavyojua, mzee," akasema. "Nitangoja."

Ndipo msimamizi akaenda kwenye baiskeli yake, akafungua mkoba wa nyuma, akatoa ngozi ya pili. Niliijua ngozi ile. Kila Ijumaa nilimwona akiipangusia baiskeli, nikadhani ni kitambaa chake. Baba alikuwa ameiomba mara tatu. Akaikung'uta vumbi, akailoweka kwenye petroli, akafanya kazi yake, na ndege ikaruka salama.

Baada ya Idi Baba akaachishwa kazi. Barua ilisema ni uzembe, kuchelewesha ndege ya serikali wakati wa vita. Uzembe! Mtu aliyekataa kumuua rubani aliitwa mzembe, na aliyeficha ngozi kwa ajili ya baiskeli akapandishwa cheo, akahamishiwa mjini.

Wakati ule mimi sikuona hivyo. Niliona sabuni. Kila Baba aliporudi shambani na jembe begani, nilijificha jikoni, nikingoja siku atakaponiambia ni mimi niliyemkosesha kazi. Hakuniambia. Mwaka huu, niliporudi na shahada yangu, nikashindwa kuvumilia, nikamwambia mwenyewe.

Alicheka hadi akakohoa. "Umelibeba hilo miaka yote hii, mwanangu? Sabuni yako ilimchelewesha rubani saa moja. Bwana yule aliniachisha kwa sababu rubani alinisikiliza mimi, na yeye amesimama papo hapo."

Sikuweza kucheka naye. Nilifikiria miaka yote niliyomwadhibu mtoto wa miaka minane, asubuhi na jioni, huku bwana yule akilala usingizi wake mjini bila kukasirikiwa na mtu hata mmoja. Sasa yupo anayemkasirikia.