Mgeni Bado Anakaguliwa

Wenzake wa forodha katika ukumbi wa wasafiri wanaowasili walimwita Chujio, naye hakulikataa jina. Begi likipita mezani pake, kilichoruhusiwa kilipita na kilichokatazwa kilibaki, mwenyewe awe nani. Abiria mmoja aliwahi kumweleza kwamba chupa zote zile za pombe kali, nyingi kupita kiwango cha msamaha wa ushuru, alikuwa anampelekea shemeji yake mgonjwa. Chujio akauliza anaumwa nini huyo shemeji, kiu? Foleni nzima ikacheka, na ushuru ukalipwa.

Siku moja alikuja mzee asiye na mzaha. Alikuwa na begi moja na kopo la maziwa ya unga lililofungwa kwa plasta, na alipoulizwa alisema kweli: ni udongo wa kaburi la mke wake. Walikuwa wamekwenda kuishi kwa mtoto wao ng'ambo, mke akafia huko, naye amerudi peke yake. Alitaka kuuhifadhi, ili siku yake ikifika azikwe nao. Chujio alimpa pole, kisha akamweleza kwamba udongo wa nje hauingii, maana hubeba mbegu na wadudu wa kuangamiza mashamba. Utapelekwa kwenye tanuri la kuteketezea. Mzee hakubishana. Alilisukuma kopo taratibu, kama anayempisha mtu mbele.

"Basi nakuachia wewe, mwanangu," alisema.

Kesho yake akaja kuketi kwenye benchi la wapokea wageni, mkabala na mlango wa kioo. Kila mlango ulipofunguka Chujio alimwona, na mzee aliinua mkono kumsalimu. Wiki ikapita, nyingine ikafuata. Hakuulizia kitu. Mfagiaji wa ukumbi ndiye aliyemchokoza siku moja: huyo mgeni wake anakuja kwa miguu, au?

"Ameshafika," mzee akamjibu. "Yumo ndani, bado wanamkagua."

Mfagiaji alicheka alipomsimulia Chujio. Chujio hakucheka. Tangu hapo akawa anafungua mabegi ya watu huku macho yakiwa mlangoni. Nyumbani alinawa mikono, akanawa tena, akihisi chembechembe chini ya kucha, ilhali kopo lile hakuwahi hata kulifungua.

Mwishowe akaenda kwa mchomaji wa tanuri, nyuma ya maghala, akamkuta ananung'unika. Nguo zinaungua, nyama inaungua, alisema, lakini udongo kila akizoa majivu anaukuta pale pale. Kopo lilikuwa pembeni ya tanuri, udongo ungali ndani, limepinda, rangi yote imebabuka. Hakujua pa kulitupa.

"Mgeni wako huyu hataki kuondoka," alimwambia.

Chujio akamwita mkaguzi wa mimea, naye akauchota, akautazama kwa hadubini. Hakukuwa na chenye uhai kilichosalia. Sasa ungeweza kupita. Chujio akatafuta kopo safi, akaujaza kwa mikono yake, akautoa mwenyewe hadi kwenye benchi.

Mzee alisimama kumpokea. Akafungua kifuniko, akachota kidogo, akausugua vidoleni.

"Ulikuwa mweusi."

"Umepita motoni, baba. Bila hivyo usingeruhusiwa."

Mzee aliutazama wekundu ule kiganjani. Kisha akaurudisha wote, hata ulionasa kwenye mikunjo ya ngozi.

"Alikuwa anaogopa moto," alisema. "Tangu ujana wetu, hata jiko nilikuwa namwashia mimi."

Akafunga kopo, akashukuru, akaenda zake. Hakuonekana tena pale. Benchini waliketi wengine, wenye maua na wenye watoto waliochoka, na bado kila mlango ulipofunguka Chujio aliinua uso.

Jioni ile ile aliyomkabidhi mzee kopo, Chujio alisimama jikoni kwake na kiberiti mkononi, sufuria ikisubiri. Akamwita binti yake. Binti alipokuja akashangaa: mama, si kiberiti hicho unacho?

"Washa wewe," alisema Chujio, akarudi nyuma hadi mgongo ukagusa ukuta.