Mgonjwa Asikohoe

Hospitali nzima ilimwita Kimya, na si kwa upole wake, maana mdomo wake ulikuwa mkali kama wembe. Mtaalamu huyu wa usingizi alisifika kwa jambo moja: wagonjwa wake waliamka bila kukohoa. Kabla ya kuchomoa mpira wa kupumulia kooni alivuta mate mapema, akapitisha dawa ya ganzi polepole kwenye mshipa, kisha akamfukuza kila mwenye kelele. Wauguzi walimtania kwamba hata mkewe hupiga chafya kwa ruhusa.

Asubuhi moja aliletwa mwalimu mmoja mwenye uvimbe shingoni, uliokuwa umeanza kumbana pumzi. Mara mbili alishapangiwa upasuaji, na mara mbili Kimya alimrudisha nyumbani kwa ajili ya kikohozi. Hakuwa mkorofi bure. Shingo iliyotoka kushonwa haitaki mtikisiko: mshipa ukifumuka ndani, damu huziba njia ya hewa. Alipomwuliza tena kama anakohoa, mwalimu alisema hapana, amepona kabisa. Dada yake, aliyemshikia mkoba mlangoni, akainamia viatu vyake. Kimya alimwona, roho ikasita, lakini kifua kilisikika safi. Akasaini fomu ya kuruhusu upasuaji.

Upasuaji ulikwenda vizuri. Kimya alipitisha ganzi yake, akangoja, akachomoa mpira. Mwalimu akafumbua macho. Kisha kikaja kikohozi kimoja kikavu, kikafuatwa na vingine mfululizo, kana kwamba vilikuwa vimejipanga foleni. Kimya akabana bandeji kwa kiganja, na chini ya kiganja shingo ikaanza kujaa. Aliogopa, tena sana. Midomo ya mwalimu ilipogeuka rangi, daktari wa upasuaji alikata nyuzi palepale kitandani ili damu itoke, wakamrudisha usingizini.

Hadi adhuhuri hakuna aliyejua kama angeamka. Kimya alitoka na aproni yenye damu, akamkuta dada kwenye benchi. Dada hakuficha tena: chupa nzima ya dawa ya kikohozi ilikuwa imenywewa tangu jana, funda la mwisho chooni, dakika chache kabla ya kuitwa.

"Kwa nini hamkuniambia?" Kimya aliuliza kwa hasira.

"Tulikuambia mara mbili, daktari," dada alisema. "Mara zote mbili ulitufukuza."