Vidole vya Mpandisha Bendera

Mpandisha bendera wa ofisi yetu alitoka jasho hata mwezi wa sita, wakati baridi ya Likasi inatufanya sisi wengine tuvae makoti mawili. Alikula bukari, ule ugali wetu, kuliko wachimbaji wa mgodi wa Kamatanda, lakini mkanda wake kila mwezi ulitobolewa tundu jipya. Macho yalimtoka, kama mtu aliyeitwa ghafula kwa jina. Vidole vyake vilitetemeka kwenye kamba, na bendera ilipanda kwa kurukaruka huku sisi tumesimama wima, mikono mapajani, maana kutikisika wakati ule kulikuwa jambo la kwenda kujieleza mbele ya chama.

Jumatatu moja mkuu wa chama alisimama karibu naye, akitazama vile vidole tu. Bendera ilifika katikati ikakwama. Mpandishaji alikuwa amejishika kifua kwa mkono mmoja, na shati lilikuwa linarukaruka juu ya moyo. Wimbo wa taifa haujaisha, mama infirmière, muuguzi wa ofisi, akatoka mstarini, akamshika mkono penye mshipa, akaitazama saa yake.

“Citoyen, huyu haiko anaogopa,” akamwambia mkuu. “Roho yake inapiga cent quarante, mia na makumi ine, ku dakika moja. Ni hii goitre ya mu shingo njo inamutetemesha.”

Mkuu akaiangalia ile shingo iliyovimba, kisha akanigeukia mimi. Wiki iliyotangulia nilikuwa nimemnong'oneza kwamba mikono ya namna ile inaficha kitu. Mikono yangu ilikuwa mapajani, imetulia kabisa.