Kiswahili cha Meza ya Watoto

Siku hizi wananijia vijana waliosomea malezi ya jamii. Wanakaa kwenye kochi langu, wanakunywa chai yangu, halafu wananiuliza maana ya malezi hayo ni nini. Nawaambia waanze wao kunieleza. Wanaeleza vizuri sana, kwa maneno marefu, mpaka chai inapoa. Mimi nilifundishwa maana hiyo miaka ya hamsini, nikiwa msichana, kwenye kozi fupi pale Nakuru. Mwalimu wetu, mama mmoja kutoka ng'ambo, alichora mtoto ubaoni, akamzungushia duara la nyumbani, kisha la majirani, kisha la kazi na ibada. Akasema mtoto halelewi kwa masomo tu. Hulelewa na maisha anayoishi pamoja na watu. Niliipenda picha ile. Bado naipenda, na hiyo ndiyo taabu yangu.

Baada ya kozi nilipata kazi katika nyumba ya watoto, nyuma ya makazi ya wafanyakazi wa reli. Upepo ukivuma kutoka ziwani, vumbi la magadi lilijaa kwenye masufuria na kwenye macho ya watoto. Ilikuwa Hali ya Hatari, serikali ya mkoloni ikiwawinda Mau Mau. Wengi wa watoto wetu walikuwa Wakikuyu waliobaki bila mtu wakati laini, yale makazi ya vibarua kwenye mashamba ya Wazungu, zilipofagiwa, wazazi wakapakiwa kwenye malori. Lakini tulikuwa na Waluo pia, na Waluhya, na wachache wa kwetu, Wakipsigis. Kulikuwa na mtoto mmoja wa Kiturkana ambaye mwanzoni alilia kila mlo, kwa sababu hakuna aliyemwelewa akiomba maji. Wengine walikaa makundi makundi, kila lugha na kona yake, na makundi yakapigana mpaka meno yakang'oka.

Basi tukaweka sheria. Mezani, uani, jikoni, kila mahali ni Kiswahili tu, sisi na wao. Hatukuwafundisha kwa ubao. Kila mtoto alipewa zamu ya kuteka maji, kuosha vyombo, kugawa chakula, kukaribisha wageni, na Kiswahili kikawaingia humo humo kwenye kugombea viazi na kutafuta ufagio uliofichwa. Vita vikaisha. Mturkana wangu akawa mchekeshaji wa meza nzima. Mtu asije akaniambia leo kwamba sheria ile ilikuwa mbaya. Hakuwapo.

Mdogo kuliko wote alikuwa msichana aliyeletwa kabla hajajua kusema. Mama yake alikamatwa akiwa shambani akichuma pareto, upande wa Bahati, na hakupewa nafasi hata ya kurudi nyumbani kumchukua mtoto. Baba alikuwa ameshachukuliwa, na habari zake hatukuzipata tena. Jirani ndiye aliyetuletea mtoto, siku chache kabla yeye mwenyewe hajafukuzwa. Nilimbeba mgongoni nikifua nguo. Alijifunza kusema nikimsikia, na kila neno lake lilikuwa la Kiswahili. Alikuwa na kiherehere kweli, anawapanga wenzake mezani kama nyapara. Nilimpenda kuliko nilivyoruhusiwa.

Mama yake alipofunguliwa kutoka kambi ya kizuizini, mtoto alikuwa ameshaanza kung'oa meno ya utotoni. Mama alimtafuta jirani yule mpaka akampata, akaelekezwa kwetu. Alifika adhuhuri, amekonda, miguu imejaa vumbi, ana viazi vitamu vilivyochemshwa ndani ya kiondo. Zamu ya kukaribisha wageni ilikuwa ya binti yake.

Mtoto alifanya kama tulivyomfunza. Alileta maji, akamnawisha mikono, akafuta benchi kwa kiganja. "Karibu, mgeni," akasema. "Pumzika."

Mama alikuwa ameshamtambua. Alianza kusema Kikikuyu, mengi, kwa haraka, huku anamshika mabega. Mtoto akageuka kumtazama mpishi wetu, Mkikuyu pia, amweleze mgeni anataka nini. Yule mama akajigusa kifuani, akasema, "Maitu," yaani mama kwa lugha yao. Mtoto akatabasamu kwa adabu, kama anavyotabasamu mtu aliyepotea njia na hataki kukiri.

Mama akampa kiazi kimoja kikubwa. Mtoto akashukuru kwa mikono miwili, akakipeleka mezani, akakimega vipande, akawagawia wenzake. Kipande cha mgeni akakirudisha kwa mama yake. Yule mama akabaki amekishika tu.

Halafu akajaribu Kiswahili. Alikuwa amekulia Murang'a, akaolewa kwenye laini ambayo kila mtu alisema Kikikuyu, hivyo Kiswahili alikijulia kambini. "Kuja hapa," akasema. Mtoto akaja. "Simama. Keti chini." Sauti ilitoka kavu, kwa sababu ndivyo alivyoyasikia maneno yale kwa askari wa kambi. Mtoto akaketi sakafuni papo hapo. Yule mama akajiziba mdomo kwa mkono. Hakuwa na maneno mengine. Katika lugha ile, hakuna aliyewahi kumwambia jambo la upole.

Mimi nilitoka nje, nikasimama nyuma ya tangi la maji nikalia kwa hasira. Sikujua nimkasirikie nani. Kambi? Serikali? Yule mwalimu na maduara yake? Tulikuwa tumempa mtoto kila kitu alichosema mwalimu: wenzake, kazi, heshima, meza ya kukaa. Duara la nyumbani tulilichora sisi wenyewe, kwa sababu lake lilikuwa limefutwa. Tulilichora imara mno, mwenyewe aliporudi hakupata pa kuingilia.

Mkuu wetu alisema mtoto hatatolewa akiwa analia. Mama aje kwanza, azoeleke. Basi akawa anakuja kila siku, anakaa jikoni, anamenya viazi na mpishi. Mtoto alipita akiingia na kutoka, na mama alimfuata kwa macho mpaka kisu kikamkata. Alitaka kufundishwa maneno. Si mengi.

"Anauliza 'nilikutafuta' inasemwaje," mpishi aliniambia siku moja.

"Si umwambie wewe?"

"Nimemwambia. Anataka akusikie wewe ukisema. Anasema mtoto amezoea sauti yako."

Nikasema. Nikarudia polepole, na yeye akarudia nyuma yangu, macho yake kwenye midomo yangu. Nilimchukia kidogo siku ile, maana alikuja kunichukulia mtoto. Nilimhurumia zaidi.

Asubuhi waliyoondoka, watoto wote walijipanga uani. Mtoto alikuwa amevaa sweta tuliyomfumia, nywele amesukwa na mpishi. Mama yake alipiga magoti kwenye vumbi ili nyuso zao zilingane. Alivuta pumzi.

"Mwanangu," akasema. "Mimi ni mama yako. Nilikutafuta."

Aliyasema yote sawasawa, kwa sauti laini. Yangu kabisa. Mpishi aligeukia ukuta.

Mtoto alimsikiliza mpaka mwisho, mikono nyuma, bila kumkatiza. "Ndiyo, mama," akajibu.

Ndivyo alivyonijibu mimi kila asubuhi nikimwamsha, na ndivyo alivyomjibu mpishi, na mkuu, na kila mwanamke aliyewahi kuingia pale langoni. Yule mama hakujua hilo. Alimkumbatia, akacheka, akatushukuru kwa lugha yake mmoja mmoja. Hakuna kati yetu aliyemwambia.